Posti ya jino: angalia umbo lake kabla hujaangalia bei

Wiki jana kaja kijana wa boda na jino la mbele ameliweka kwenye karatasi, anasema "musawo (daktari) limetoka nikila muchomo", kuangalia ni krauni, ile kofia ya jino, imeng'oka na posti yake, yaani kijiti kinachoingizwa ndani ya mzizi, ile ya skrubu ya chuma, halafu nikipitisha kipimo cha fizi kinagota kila mahali isipokuwa sehemu moja nyembamba kinazama mpaka chini. Mzizi umepasuka wima. Hapo hamna ufundi, ni kung'oa tu.

Sasa nyie mnaoanza kliniki hapa Kampala, kwanza toeni kichwani ile habari kwamba posti inaliongezea nguvu jino lililofanyiwa ruti kanali (kusafisha na kujaza mfereji wa mzizi). Hailiongezei. Kazi yake ni kushikilia kile unachojenga juu, basi, na gego lenye kuta za kutosha lijenge bila posti maana kila ukichimba unapunguza dentini, ule mwili mgumu wa jino.

Ukiona lazima uweke, umbo ndo linaamua mkazo uende wapi. Iliyochongoka inaingia vizuri kwa sababu hata mfereji wenyewe umechongoka, huchimbi sana, lakini mtu akiuma inafanya kazi ya kabari kwenye gogo la kuni, inasukuma kuta nje. Ile ya unene mmoja juu mpaka chini inashika zaidi na mzigo inautawanya vizuri, shida yake iko nchani, unalazimika kupanua kule chini ambako mzizi ni mwembamba na mkazo unajaa hapohapo. Skrubu ndo inashika kuliko zote na ndo naiogopa kuliko zote, ukikaza tu nyuzi zishang'ata dentini kabla mgonjwa hajauma hata ndizi. Mimi natumia ya faiba (nyuzi zilizogandishwa kwenye resini), unene mmoja juu na kuchongoka kidogo mwishoni. Chuma cha pua ukaidi wake wa kupinda ni kama GPa 200 (gigapaskali), dentini kama 18, faiba iko jirani na dentini, kwa hiyo ikizidiwa mara nyingi inabanduka yenyewe na mzizi unaukuta mzima, unarudia kazi.

Kuiweka: piga eksirei, toa gataperka (ule mpira uliojazwa kwenye mfereji) kwa drili ambayo ncha yake haikati, chini bakiza milimita 4 mpaka 5. Urefu wa posti usipungue ule wa krauni, upana usizidi theluthi ya mzizi. Ijaribu kavu kwanza, ikigoma usiigonge wala kuisokota, rudi kwenye drili. Na ukiweka simenti ishushe polepole, ya unene mmoja hasa, maana simenti ikikosa pa kutokea inasukuma kuta.

Halafu krauni ikumbatie jino lenyewe milimita 2 hivi kuzunguka pande zote, kama noleo linavyobana mpini wa kisu usipasuke, hii kwangu inashinda hata umbo la posti. Kama hizo milimita hazipo, mpe mgonjwa bei ya kung'oa na ya jino bandia kabla hujafungua boksi la posti.