Kumpata mtu wa kumtunza mzee nyumbani: anza na siku ya mzee

Mwezi wa Oktoba, korosho zinapoanza kudondoka, simu ninazopokea zinafanana. Mtoto yuko Dar, mama yuko Newala au Mikindani, na binti aliyekuwa anakaa naye ameaga anakwenda kuokota korosho kwao. "Nesi, nitafutie binti mwingine wa kukaa na mama." Nami huuliza hivi: binti wa kufanya nini?

Mara nyingi upande wa pili huwa kimya. Nimefanya uuguzi wodini kwa miaka mingi, na sasa nawafuata wagonjwa majumbani, Mtwara na Lindi. Nimeona familia nyingi zikipata mtu mzuri kwa kazi isiyo yake, na anayeumia ni mzee. Hizi ndizo hatua ninazozifuata na familia. Tafadhali usiziruke mbili za kwanza, hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Andika siku ya mzee

Chukua daftari. Kaa na mzee siku mbili, mchana na usiku, uandike kila anachofanya na saa yake. Kama uko mbali, mwombe ndugu aliye karibu, lakini aandike anachokiona, asiandike anachodhani. Anaamka saa ngapi? Akiinuka kitandani anashika nini? Kijiko anakifikisha mdomoni mwenyewe? Dawa ni zipi, na nani anamkumbusha? Mbele ya kila jambo weka alama: anaweza mwenyewe, anahitaji mkono, au hawezi kabisa.

Bibi mmoja wa Tandahimba, wanawe walinihakikishia kwamba anahitaji "mtu wa kumpikia tu". Tulipoandika, tukakuta kupika si tatizo. Jirani alikuwa akimletea ubwabwa na mboga kila siku kwa mapenzi yake. Tatizo lilikuwa usiku. Bibi alikuwa anakwenda choo cha nje mara tatu, peke yake, gizani, akipapasa ukuta. Alishaanguka mara mbili na hakumwambia mtu. Familia ilikuwa inatafuta mpishi wa mchana, wakati bibi alihitaji ndoo yenye kiti kando ya kitanda, taa, na mtu wa kulala chumba kimoja naye.

Kwa hiyo angalia usiku kwa makini kuliko mchana. Angalia na mazingira: maji yanatoka wapi? Kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde, maji peke yake yanaweza kumla mtunzaji nusu siku, mzee akabaki peke yake ndani. Hapo inabidi aletewe maji na mtu mwingine.

Hatua ya 2: Jua unamtafuta nani

Watu wanaofanya kazi hii ni wa aina tatu, na kuwachanganya ndiko kunakoleta majuto.

Wa kwanza ni dada wa kazi. Anapika, anafua, anafagia, anachota maji. Mzee anayejiogesha, anayekula mwenyewe na kukumbuka dawa zake anaweza kuishi vizuri na dada wa kazi mwenye heshima.

Wa pili ni mtunza mzee. Huyu anamgusa mzee: anamwogesha, anambadilisha nepi, anamgeuza kitandani, anamlisha, anamsaidia kutembea, anamkumbusha dawa alizoandikiwa na daktari. Kazi hii inafundishika, lakini lazima mtu afundishwe. Usidhani kila mwanamke anazaliwa nayo.

Wa tatu ni muuguzi. Mpira wa mkojo, mpira wa kulishia puani, kidonda kilichozama, au sindano ya insulini kwa mzee ambaye sukari yake inapanda na kushuka, hayo ni ya muuguzi, au ya mtunzaji aliyefundishwa na muuguzi kwa mgonjwa huyo huyo na anayesimamiwa naye. Muuguzi ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mwombe uione. Anayekuambia ni nesi lakini leseni "iko nyumbani" kila ukiuliza, mpe kazi ya mtunzaji au mwache.

Familia nyingi hazihitaji muuguzi wa kukaa. Zinahitaji mtunzaji wa kila siku, na muuguzi wa kupita mara moja kwa wiki au mbili. Kwa mzee aliyetoka kwenye kiharusi, ulizia pia mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na siku ya kwenda mchukue mtunzaji naye aone kwa macho. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupita kumjulia hali na kukuelekeza, lakini ana kaya nyingi. Usimgeuze mfanyakazi wako.

Hatua ya 3: Muulize mzee

Hatua hii ni fupi, na ndiyo inayosahaulika. Babu anakubali kuogeshwa na binti wa umri wa mjukuu wake? Bibi anataka mtu atakayemsaidia kutawadha kabla ya kila swala? Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Kiswahili kinapungua, Kimakonde, Kimwera au Kiyao kinabaki. Nimemwona bibi aliyeitwa mkorofi kwa miezi, kumbe alikuwa anaomba maji kwa Kimakonde na binti haelewi.

Hatua ya 4: Tafuta na uchunguze

Anza kwa waliowahi kufanya kazi hii: wahudumu wastaafu wa hospitali, wanawake waliouguza wazazi wao hadi mwisho, watu wanaoishi jirani na hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Kila anayependekezwa alete kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji, na wadhamini wawili ambao wewe mwenyewe utaongea nao. Awe amefika miaka 18. Sheria inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi ya kumnyanyua mtu mzima na kukesha haimfai hata wa miaka 16.

Ukimpigia mwajiri wa zamani, usiulize "ni mtu mzuri?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: siku mzee alipoumwa ghafla, alifanya nini? Aliondokaje? Ungemrudisha leo? Halafu nyamaza usikilize.

Hatua ya 5: Siku tatu za majaribio, tazama mikono

Hapa naomba unisome polepole.

Mama yangu mdogo wa Mikindani alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Tukamleta binti mpole, msafi, mwenye cheti cha mafunzo ya wiki chache. Alimwamkia mama vizuri, alipika vizuri. Baada ya mwezi mama akaanza kulia kila akivalishwa. Nilipoweka vidole kwenye bega lake la kushoto, chini ya ncha ya mfupa palikuwa na pengo, vidole vyangu viwili viliingia. Kila asubuhi binti alikuwa anamwinua kwa kumvuta mkono ule uliolegea. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Nami, muuguzi wa familia, nilikuwa nimemwangalia sura na adabu, sikuwa nimemwangalia hata mara moja akifanya kazi.

Tangu siku hiyo sikubali mtunzaji bila kuona mikono yake. Mpe siku tatu, zilipe kama siku za kazi, na uwepo. Tazama haya.

Akimwinua mzee: anamwambia kwanza anachotaka kufanya? Anamsogeza mzee hadi ukingo wa kitanda, miguu ikakanyaga chini sawasawa, mzee akainama mbele kidogo ndipo wainuke pamoja? Anayejua humshika kiunoni au mgongoni. Kanga iliyokunjwa upana wa kiganja na kufungwa imara kiunoni mwa mzee inampa mahali pa kushika. Mkono hauvutwi, na kwapani hapanyanyuliwi.

Akimvalisha mwenye kiharusi: nguo inaanza mkono mgonjwa, inamalizia mzima. Wakati wa kuvua ni kinyume chake. Hilo peke yake litakuonyesha kama alishafanya kazi hii.

Akimlisha: mzee amekaa wima, tonge dogo, la kwanza limemezwa ndipo la pili linakuja. Miiba ya samaki imetolewa kwa vidole, si kwa macho. Baada ya kula mzee anabaki amekaa nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa maji, mtunzaji mzuri atakuambia siku ile ile, kwa sababu chakula na maji vinaweza kuingia njia ya mapafu.

Akimwogesha: mlango umefungwa, sehemu isiyooshwa imefunikwa, maji ameyajaribu kwa mkono wake kwanza. Anaongea naye, hasemi na wewe juu ya kichwa chake.

Kwa mzee asiyetoka kitandani, mwombe akuonyeshe anavyokagua ngozi. Atapaswa kutazama kisigino, nyonga, na mfupa wa juu ya makalio. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo inabidi aguse: mahali penye joto kuliko jirani yake, pagumu au palipolegea, au penye weusi uliozidi, kidonda kinaanza hapo. Hapasuguliwi na hapapakwi spiriti. Panaondolewa uzito, na mzee anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kama huyu mtunzaji ni mmoja na anafanya kazi mchana kutwa, jiulize kwa haki: nani atageuza usiku?

Mwisho muulize maswali mawili. Mzee mwenye sukari anatoka jasho, anatetemeka na kuongea ovyo, utafanya nini? Ajue kumpa kitu cha sukari haraka kama anameza, na asimtie chochote mdomoni kama amezimia, bali aite msaada na kumpeleka hospitali. La pili: mdomo umepinda upande, mkono umeanguka, maneno hayaeleweki. Jibu ni hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri kesho. Asipojua hapo hapo, si lazima umkatae. Mfundishe, kisha muulize tena kesho yake. Anayekubali kufundishwa nampenda kuliko anayejifanya anajua yote.

Hatua ya 6: Mkataba, na msimu wa korosho ndani yake

Andikeni, hata kama ni ndugu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi wa nyumbani pia: saa 45 za kawaida kwa wiki, siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na yeye hakatwi zaidi ya 10. Kima cha chini hutangazwa na serikali kwa amri inayobadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi ya mkoa kiwango cha sasa kabla ya kupatana. Nacho ni cha chini. Mtu anayekesha na mzee wako hastahili kulipwa kama anayefagia uwanja.

Orodhesha kazi zilizotoka kwenye daftari la hatua ya 1, na uandike zisizo zake. Kufua nguo za wajukuu wanane waliokuja likizo si kazi yake.

Kisha zungumzeni korosho waziwazi. Kati ya Oktoba na Desemba karibu kila mtu huku ana mikorosho yake, au ya mama yake. Ukijifanya hulijui hilo, ataondoka tu, na hutamlaumu. Kubalianeni mapema: likizo yake ya mwaka iangukie hapo, nani atamshikia nafasi, na huyo mshikaji aje wiki moja kabla ajifunze kwa mwenzake. Na kama shamba liko nyuma ya nyumba, miezi ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mzee mwenye pumu ahamishiwe kwa ndugu hadi vumbi litulie.

Hatua ya 7: Fedha za mzee

Namba ya siri ya simu na kadi ya benki yanakoingia malipo ya korosho za mzee zisiwe mkononi mwa mtunzaji. Hilo linamlinda na yeye pia, pesa zikipungua asishukiwe. Mpe fedha ya matumizi ya wiki, aandike alichonunua, basi.

Hatua ya 8: Daftari ukutani

Lile daftari la siku mbili usilitupe. Litobolewe kona, lifungwe kamba, litundikwe kwenye msumari pamoja na kalamu. Kila siku mtunzaji anaandika mistari mitano: amekula nini, amekunywa vikombe vingapi, choo, dawa, ngozi. Asiyeandika vizuri achore alama, mwafikiane maana yake. Aliye Dar atumiwe picha ya ukurasa kila Ijumaa.

Mwezi wa kwanza, mtu wa familia apite bila taarifa, asubuhi mara moja na usiku mara moja. Akifika asianze na daftari. Amsalimie mzee, amshike mikono, aangalie kucha, anuse shuka, akae naye peke yake dakika kumi mlango ukiwa umefungwa. Amuulize jina la mtunzaji wake. Bibi yule wa Tandahimba hakunitajia jina. Alisema, "Yule mjukuu wangu wa usiku," akanionyesha kwa kidole ndoo, taa, na mkeka uliotandikwa kando ya kitanda chake.