Stendi ya TV kwa mbao tano

Stendi ya TV haiharibiki kwa kukosa nakshi. Huharibika kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, au kwa sababu maungio yalipigwa misumari tu. Ukiyakwepa hayo mawili, mbao tano za paini, gundi na zana za kuazima zinatosha kwa stendi ya kubeba TV ya inchi 43.

Anza na futi kamba, si na duka la mbao. Inchi za TV hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo inchi 43 si upana. TV ya inchi 32 ina upana wa karibu sm 72, ya 43 karibu sm 96, ya 55 karibu sm 123. Cha muhimu zaidi ni miguu. TV nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyo karibu na ncha za kioo, si kitako kimoja cha katikati, na ndiyo maana kimeza kilichobeba TV ya zamani mara nyingi hakitoshi. Pima nje hadi nje ya miguu hiyo, kisha pima inavyotokeza mbele na nyuma.

Stendi ya hapa ina urefu wa sm 120, kina sm 38 na kimo sm 55. Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake huwa kama mita moja kutoka sakafuni. Kwa kimo hiki katikati ya kioo cha inchi 43 hufika karibu sm 88, na shingo haiinuki.

Mbao

Ukiwa Arusha au Moshi, mashamba ya miti ya serikali yako karibu, Meru/Usa upande wa Arusha, West Kilimanjaro na Rongai upande wa Moshi, na miti yake mikuu ni paini na saiprasi. Zote mbili zinafaa. Saiprasi ina vifundo vingi lakini hukatika vizuri kwa patasi. Ukipata mgrivea uliokauka kutoka shamba la kahawa, una rangi nzuri kuliko paini. Mninga uache kwa siku nyingine. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, inaonekana rahisi, ila rafu ndefu ya MDF hupinda katikati, na maji ya kudeki yakifika chini hunywa na kuvimba.

Nunua hizi, zote za futi 12 (sm 366), unene na upana kwa inchi: 2x2 tatu, zile zile za papi za kuezekea, 1x8 moja, 1x4 moja. Waombe wapige randa kwa mashine hapo hapo, maana kuzipiga kwa mkono ni siku nzima ya jasho. Baada ya randa 2x2 hubaki kama sm 4.5, 1x8 hubaki unene sm 2 na upana sm 19, na 1x4 hubaki upana wa sm 9.3. Vipimo vya chini vinafuata namba hizo. Zako zikitofautiana, rekebisha kabla ya kukata.

Sasa ubichi. Beba mbao mbili za ukubwa mmoja: iliyo nzito zaidi ndiyo mbichi zaidi. Iweke shavuni, mbichi ni ya baridi. Igonge, kavu hulia, mbichi hunyamaza. Kati ya Machi na Mei karibu kila mbao iliyoanikwa nje ina maji. Ukiiunga hivyo Arusha wakati wa masika, halafu ikakaa sebuleni Moshi mwezi wa pili, maungio yatalegea na uso wa juu utapasuka kwenye mstari wa gundi. Zipange ndani kivulini, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao, kwa angalau wiki tatu. Kuzianika juani ili ziwahi ndiko kunakozipinda.

Kukata

2x2 ya kwanza inatoa mbao ndefu za mlalo tatu za sm 108. Ya pili inatoa ya nne ya sm 108 na miguu minne ya sm 56. Ya tatu inatoa mbao nne za ubavuni za sm 30 na vipande viwili vya sm 25. Kinachobaki kitumie kujaribia tundu na ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba iingie kwenye tundu) kabla hujagusa kazi yenyewe. 1x8 inatoa uso wa juu, vipande viwili vya sm 120. 1x4 inatoa vibao tisa vya rafu vya sm 34. Ncha za mbao zikiwa na nyufa, zipunguze kwanza.

Tundu na ulimi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Msumari au skrubu inayoingia kwenye ncha ya mbao inapita sambamba na nyuzi, haishiki imara, na sabufa ikitikisa kila jioni inatoka taratibu. Ulimi uliogundishwa ndani ya tundu hautoki.

Kwenye kila ncha ya mbao za sm 108 na za sm 30 chonga ulimi wenye urefu wa sm 2.5 na unene wa sm 1.5, yaani theluthi ya mbao. Upana wake uwe sm 3, ukipunguza sm 1.5 upande wa juu. Kwenye miguu toboa matundu ya ukubwa huo, kina sm 2.7 ili gundi ipate pa kukaa. Toa sehemu kubwa kwa keke, malizia na patasi. Tundu litangulie, ulimi ufuate: kupunguza ulimi ni rahisi, kujaza tundu lililozidi ni tabu. Ulimi unaofaa huingia kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo kwa nguvu, utapasua mguu.

Miguu ina sm 3 za ziada upande wa juu kwa makusudi. Tundu lililo karibu na ncha hupasuka wakati wa kuchonga, kwa hiyo acha ziada hiyo hadi gundi ikauke, kisha kata mguu ubaki sm 53.

Kosa linalowapata wengi: ndimi mbili zinagongana ndani ya mguu mmoja kwa sababu mbao ya mbele na ya ubavuni zimewekwa kimo kimoja. Shusha za ubavuni kwa sm 5. Juu ya mbao ndefu za chini iwe sm 20 kutoka sakafuni, za ubavuni zake sm 15. Juu ya mbao ndefu za juu iwe sm 53, za ubavuni sm 48. Kama huna patasi wala mkono wa kuichezea, chora matundu yote mwenyewe na umpelekee seremala wa mtaani ayachonge tu. Utalipia kazi ndogo, si stendi nzima.

Gundisha fremu ya mbele na ya nyuma kwanza kwa gundi nyeupe ya mbao. Pima mshazari mmoja, kisha mwingine. Isipolingana, vuta kona za ule mrefu zikaribiane. Huna jiriwa? Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu, zungusha mara nyingi ukivuta. Acha usiku kucha, na ndani ya nyumba: gundi hii haipendi baridi za asubuhi za Julai. Siku ya pili unganisha fremu mbili kwa mbao za ubavuni.

Uso na rafu

Mbao mbili za juu zikunje kama kitabu, uzibane pamoja na kuzipiga randa ukingo kwa mara moja. Hata randa ikiinama kidogo, ukizifungua makosa mawili yanafutana na mstari unafunga bila mwanga kupita. Paka gundi, bana kwa kabari.

Vipande vya sm 25 viweke kati ya mbao ndefu za juu, skrubu mbili za inchi 3 kila kimoja. Vinaubeba mstari wa gundi kutoka chini usilegee. Wewe usivigundishe kwenye uso.

Uso unafungwa kutoka chini kwa skrubu nane za inchi 2, nne mbele na nne nyuma. Skrubu hiyo haitoshi kupita sm 4.5, kwa hiyo toboa kwanza tundu pana la kuzamisha kichwa kwa sm 1. Itaingia uso kwa sm 1.5 bila kutokeza juu. Matundu ya mbele yalingane na skrubu. Ya nyuma yawe ya milimita 8 na uweke washa, kwa sababu uso wa upana huu hutanuka na kusinyaa milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi. Ukiubana pande zote mbili, hata gundi isipoachia, mbao yenyewe itapasuka.

Vibao tisa vya rafu vikae kukingama juu ya mbao ndefu za chini, mwanya wa karibu sm 2.4 kati yake, misumari miwili ya inchi 2 kila ncha. Toboa kwanza, au butua ncha ya msumari kwa nyundo. Ncha kali hutenganisha nyuzi, butu huzikata. Mianya hiyo inapitisha hewa ya king'amuzi na nyaya. Sabufa iweke sakafuni.

Kumalizia

Msasa namba 80, kisha 120, kufuata nyuzi. Sanding sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao), msasa mwepesi, vanishi mara mbili. Siku za mvua vanishi ya kupuliza hufanya ukungu mweupe, ngoja mchana mkavu. Chini ya miguu ndiko pa kupaka zaidi ya kote, kwa sababu maji ya kudeki hupandia huko. Kisha gundisha vipande vya ndala kuukuu. Oili chafu dhidi ya mchwa iache kwa nguzo za uzio, sebuleni itanuka na kuchafua sakafu.

Kwa TV ya inchi 55 fanya urefu sm 150 na mbao ndefu sm 138. Utaongeza 2x2 moja na 1x4 moja, 1x8 ni ile ile. Katikati, mbele na nyuma, simamisha kipande cha sm 28.5 kati ya mbao ya juu na ya chini, na kingine cha sm 15.5 chini yake hadi sakafuni, ukiacha nafasi yake kati ya vibao vya rafu.