Jinsi ya kufundisha dini na uzalendo katika historia ya Ireland hapa Moshi

Usianze na Papa wala Luther. Anza na shamba. Wanafunzi wangu wa Kibosho na Machame ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wanaujua vizuri. Waambie kuanzia 1609 ardhi ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, iligawiwa walowezi Waprotestanti kutoka Uskoti na Uingereza.

Kisha andika ubaoni sheria ya 1704: Mkatoliki akifa, ardhi yake inakatwakatwa kwa wanawe wote, ila kifungua mimba akihamia Kanisa la Kianglikana, anachukua yote. Darasa litalipuka, waache wabishane. Hapo ndipo wanaona dini ilivyogeuka uzalendo.

Wakishaanza kusema "Mwairishi ni Mkatoliki", watolee Wolfe Tone: Mprotestanti, kinara wa harakati zilizozaa uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza. Daniel O'Connell, aliyewapigania Wakatoliki hadi wakaruhusiwa kuingia Bungeni 1829, mpe dakika tano, zinamtosha.