Mbwa akiugua ghafla, anza na fizi

Bosi, mbwa wangu, ameshazoea: jioni akimaliza kula namfunua mdomo na kumtazama fizi. Haumwi, na ndiyo sababu namtazama sasa. Usipomjua mbwa wako akiwa mzima, utamtambuaje akibadilika?

Fizi za mbwa mzima ni za waridi na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au fizi zikiwa nyeupe, za buluu au za manjano, usingoje kukuche. Mbwa mwenye fizi nyeusi mtazame ndani ya kope ya chini. Mhesabie pumzi pia akiwa amelala: 10 hadi 30 kwa dakika ni kawaida. Pua kavu, ambayo watu wengi huitegemea, peke yake haina maana.

Akitapika mara moja kisha akaendelea kucheza, mimi humwangalia tu. Kinachonitisha ni mbwa anayejikamua kutapika na hakitoki kitu, huku tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, hatulii, mate yanamtoka. Tumbo hilo limejaa hewa, na huenda limejisokota na kuzuia damu isipite. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu ndio hupatwa zaidi. Hapa hakuna dawa ya nyumbani, wala usijaribu kumkanda. Mpigie daktari wa mifugo huku mkiwa njiani, ili mfike akiwa tayari.

Akishikwa na degedege, sogeza vitu asijigonge, zima redio, tazama saa. Usimtie mkono mdomoni, maana mbwa hamezi ulimi wake, ila vidole vyako atavikata bila kujua. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, mpeleke.

Ukishuku sumu, beba pakiti au kopo lake. Maziwa hayaondoi sumu. Usimtapishe mpaka daktari aseme, kwani mafuta ya taa yanaweza kuingia mapafuni yakipanda. Na tafadhali, usimpe parasetamo wala ibuprofeni kutuliza maumivu. Dawa hizo zenyewe humdhuru.

Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayeyumba, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, usimshike kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie alipo, uite daktari. Akishakuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Njiani, mwenzako aandike: ilianza saa ngapi, alikula nini mara ya mwisho, ametapika mara ngapi, fizi zina rangi gani. Daktari atayauliza hayo kabla hamjamshusha mbwa.