Kumpiga picha pongo msituni bila kumkimbiza

Wakuu, swala wa nyikani kila mtu anaye kwenye simu, huyu pongo, swala wa msituni, ndo kazi. Mimi naendaga Hifadhi ya Arusha, chini ya Mlima Meru, kwasababu pale unatembea kwa miguu, ila lazima uwe na askari mwenye bunduki maana nyati wapo kibao.

Hatua ya 1: geti likifunguliwa tu uwe umefika. Pongo anakula alfajiri na jioni, mchana kajichimbia kichakani. Vaa kaki au kijani iliyopauka, kombati za mabaka achana nazo, hizo za jeshi utajitafutia kesi bure.

Hatua ya 2, na hii ndo kubwa: usimtafute pongo, tafuta mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe. Mbega wakiwa juu wanakula wanadondosha majani na matunda, na pongo anajua, anakuja chini kuokota, kwahiyo we kaa pembeni na mti huo, upepo ukupige usoni asikunuse (pukuta poda kidogo uone inaelekea wapi), halafu tulia hata saa nzima.

Hatua ya 3, kamera. Lenzi ya milimita 300 inatosha, ndefu zaidi utagombana na matawi. Apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) fungua mpaka mwisho, shata (kasi ya kupiga picha) sekunde 1/250 akiwa kasimama, 1/800 akianza kuondoka, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iache ipande hata 6400, chengachenga za picha utazipunguza kwenye kompyuta ila picha iliyotikisika ndo basi tena. Fokasi weka pointi moja tu, kwenye jicho, ukiiachia kamera ichague yenyewe itakushikia jani la mbele. Dume ni mweusi mweusi, kamera inadhani kuna giza inaongeza mwanga, yale madoa meupe ubavuni yanaungua, yanakuwa meupe tupu, so shusha ekspoja (kiasi cha mwanga kwenye picha) kidogo. Flashi zima kabisa.

Hatua ya 4: akikuona anaganda, masikio mbele, wakati mwingine mguu mmoja uko hewani. Picha ndo hiyo! Usisogee, tumia shata ya kimya, piga mbili tatu uache. Akibweka na kunyanyua mkia ukaona weupe wa chini, kashaenda, usimfuate, rudi kwa mbega wako.

Na ukikuta mtoto kalala peke yake kwenye majani hajapotea, mama yake kamficha, pita mbali hata kamera usinyanyue.