Maharage yaivie kikapuni, mkaa upumzike

Kama maharage ndiyo yanayokumalizia mkaa, jaribu kikapu kinachotunza joto la sufuria, ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Tafuta kikapu kipana cha ukindu, kijaze nguo kuukuu, sufi au majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja kila upande na chini pia. Katikati acha nafasi ya sufuria. Shona na mto wa kufunika juu, maana huko ndiko joto hukimbilia zaidi.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mengine. Yachemshe kwa nguvu dakika 15, sufuria ikiwa imefunikwa. Hapo tafadhali usipunguze muda: maharage mekundu mabichi yana sumu inayoumiza tumbo vibaya, na joto la kikapuni peke yake halitoshi kuiondoa. Kisha ipua, tumbukiza kikapuni papo hapo, funika, uiache saa 3 hadi 4. Usichungulie; kila ukifunua, mvuke unaondoka na joto lako.

Sufuria ikaribie kujaa. Maji ndiyo yanayobeba joto, kwa hiyo chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa kitapoa kabla hakijaiva.

Wali ni rahisi zaidi: ukishachemka dakika 5, saa moja kikapuni inatosha.

Usilaze chakula humo hadi asubuhi, kwani joto likishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana. Ukikuta sufuria ni vuguvugu tu, irudishe jikoni ichemke upya kabla ya kupakua.