Boti ya Jeti Inapochelewa Kuchukua Kasi: Pa Kuanzia Kutafuta

Boti ya jeti haina propela inayoning'inia nje. Injini huzungusha impela, yaani gurudumu lenye mapanga lililofichwa ndani ya pampu, na pampu hiyo huvuta maji kupitia tundu lililo chini ya boti kisha huyatoa kwa nguvu kupitia nozeli ya nyuma. Boti ikiwa nzito kuondoka, kasoro inaweza kuwa kwenye injini, kwenye pampu au kwenye bodi yenyewe, na ni kupoteza fedha kununua plagi mpya kabla ya kujua kasoro iko upande gani.

Kinachoamua ni mita ya mizunguko ya injini. Ipeleke boti kwenye maji yaliyotulia na yenye kina cha kutosha, ikiwa na mzigo wa kawaida, fungua akselereta hadi mwisho, kisha linganisha mizunguko kwa dakika na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mwongozo. Mizunguko ikipanda ghafla na kupita kawaida huku boti ikijikokota, pampu haishiki maji. Isipofikia kiwango, injini imepungukiwa na nguvu au kuna kitu kinachoikaba impela. Ikifika sawasawa lakini mwendo ukabaki mdogo, itazame bodi na mzigo. Hali hii ya mwisho huwachanganya waliozoea propela, kwa kuwa propela ikilemewa na uzito hushusha mizunguko ya injini, ilhali impela ya jeti hudai nguvu karibu ileile boti ikiwa tupu au imejaa.

Kwa maoni yangu, pampu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kabla ya kuingiza mkono popote, zima injini, toa ufunguo na uondoe kamba ya usalama. Kagua wavu wa chuma ulio kwenye tundu la kuvutia maji, kisha mulika kwa tochi hadi kwenye shafti, kwani kipande cha nyavu, mwani au mfuko wa plastiki uliojiviringisha hapo huvuruga mtiririko wa maji kabla hayajaifikia impela. Shinikizo likishuka mno mbele ya impela, maji hugeuka mapovu ya mvuke, na impela huzunguka katika mapovu hayo bila kusukuma chochote cha maana. Mapovu hayo yanapopasuka hula chuma, na alama yake ni vishimo vidogo vidogo kwenye mapanga. Hewa inayopenya kwenye maungio ya pampu na bodi, pale gundi au sili ilipochakaa, huleta mtelezo kama huo.

Tundu likiwa safi, pima impela yenyewe. Boti za jeti zilipata umaarufu New Zealand katika miaka ya 1950, kutokana na kazi ya William Hamilton, aliyetaka chombo cha kupita mito yenye maji machache; uwezo huo huo wa kupita penye kina kidogo ndio unaozifanya zimeze mchanga na changarawe. Mchanga hukwaruza ringi inayoizunguka impela na kufanya ncha za mapanga ziwe butu. Pitisha fila geji (vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo) kati ya ncha ya kila panga na ringi: nafasi inayofaa huwa ni sehemu ndogo tu ya milimita, na pengo linalokaribia milimita 1 katika pampu ndogo hutosha kuondoa msukumo wa kuanzia, hata kama boti bado inafika kasi nzuri baadaye. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa mbele wa panga; ukihisi meno au mkunjo, impela inahitaji kunyooshwa au kubadilishwa.

Usisahau kifuniko cha kurudishia nyuma, kile kinachoshushwa nyuma ya nozeli ili kugeuza mkondo wa maji boti irudi nyuma. Kebo yake ikilegea, hushuka kidogo na kukata njia ya maji, jambo ambalo mtu aliyeketi kwenye usukani hawezi kuliona.

Mizunguko ikiwa chini, anza na filta ya mafuta, maji ndani ya tangi, plagi na kichujio cha hewa. Injini ikiwa imezimwa, mwombe mwenzako abonyeze akselereta hadi mwisho huku ukitazama kama vali ya hewa inafunguka yote. Kebo iliyovutika ikarefuka huiacha nusu wazi. Injini za kisasa pia hujipunguzia nguvu zenyewe zikipata joto kali, na kwa kuwa nyingi hupozwa kwa maji yanayotoka kwenye pampu, uchafu ule ule wa tunduni unaweza kuonekana kama ugonjwa wa injini.

Mizunguko ikiwa sawa, kausha ngama (maji yaliyotuama chini ndani ya boti), punguza mzigo wa tezini, yaani upande wa nyuma, kwangua mwani na makombe yaliyoganda chini, kisha rudia jaribio lile lile mahali pale pale.